Mlango wa Muda

27 Machi

Mpwa wangu,

Nakuandikia kwenye anwani yako mwenyewe, ile uliyonipa mwaka juzi nilipokusaidia kujiandaa na mtihani wa kampuni yenu. Sitaki kupitia tiketi, zile fomu zenu za maombi ya msaada. Tiketi zinasomwa na msimamizi wako, na leo sina nguvu ya kuandika "Habari za kazi, naomba msaada" kama vile mashine ya kahawa imegoma.

Wiki iliyopita wezi waliingia kwenye mtandao wa hospitali yetu. Hawakuiba kitu cha kushikika. Walifunga mafaili yote ya wazazi, kuanzia kliniki mpaka chumba cha upasuaji, na leo ni siku ya saba tunaandika kwenye karatasi. Wauguzi wanaandika uzito wa mtoto kwenye kiganja cha mkono kwa sababu daftari liko wodi nyingine. Juzi mama mmoja alisubiri damu saa mbili nzima, maana kundi lake la damu lilikuwa ndani ya seva na seva haisemi na mtu. Amepona, yeye na mwanawe. Mimi ndiye sijapona.

Miaka ishirini na mbili mimi ni fundi mitandao wa hospitali hii. Chumba changu kiko chini ya ngazi, kando ya stoo ya mashuka, na kiyoyozi kilichomo ni cha seva, si changu. Kila bosi anayeshuka kule siku hizi anasimama mlangoni, anatazama waya, anatikisa kichwa, anapanda tena.

Kinachoniumiza kichwa ni wapi walipita. Askari wenu alikuwa kazini. (Ndivyo tunavyoiita hapa fayawoli mliyotuuzia, hicho kisanduku kinachokaa langoni mwa mtandao na kuamua nani apite.) Taa zote za kijani. Mafundi wa kampuni mbia, wale wanaomfunga na kumhudumia kwa niaba yenu, wamekuja mara moja, wakapiga picha, wakaaga. Na kule kwenye baraza la wateja mtandaoni watu wananiuliza. Miaka sita nawajibu wenzangu bure, kebo sijui, mipangilio sijui, wakanipachika jina la Mjomba mpaka nikalizoea, nawe ukawa Mpwa. Leo Mjomba mwenyewe hana jibu.

Ukipata dakika, niambie nianzie wapi. Nimechoka, Mpwa. Nimechoka mpaka kope.

Mjomba

29 Machi

Shikamoo Mjomba,

Pole. Pole sana, wewe na wauguzi wako. Nilisoma barua yako nikiwa kantini, chakula kikanishinda.

Badilisha paswedi zote, hata ya printa. Chomoa kila mashine ambayo huijui ni ya nani. Na tafadhali usianze kumtafuta mkosaji sasa, haisaidii. Mtu akiwa amechoka humwona mkosaji kila anakogeuka. Kwanza rudisha mafaili, mengine yatafuata.

Hapa dawatini kwetu tuko arobaini kwenye ukumbi mmoja, kila mtu na visikizio vyake, na jana nilifunga tiketi thelathini na moja. Benki moja imenipigia mara nne kuuliza swali lile lile. Mteja mwingine alinitukana, kisha akaomba nimsubiri akafungulie gari la maji, kisha akarudi kuendelea kunitukana kutoka pale alipoishia. Ndiyo maisha. Nikifika nyumbani simu ikilia naitikia, "Asante kwa kutuchagua." Mume wangu anacheka. Mimi siku hizi sicheki.

Ile kazi tuliyofanya pamoja Januari siikumbuki vizuri, lakini ilikuwa ya kebo tu, haihusiani na haya.

Kula, na ulale.

Mpwa wako

2 Aprili

Mpwa wangu,

Mafaili yamerudi, karibu yote. Tumepoteza siku nne za mwezi Machi, lakini watoto waliozaliwa siku hizo wapo, wanalia, kwa hiyo tutaandika upya.

Wewe ulitaja Januari. Mimi nilikuwa sijaifikiria kabisa. Nikasema, ngoja nitazame, na ndipo nikashuka kwenye orodha ya Askari, ile inayoandika kila anayegusa mpangilio wake. Nimepata jibu, na heri nisingelipata.

Tarehe 14 Januari, saa nne na dakika arobaini na mbili asubuhi, ulifunguliwa mlango wa muda kwenye Askari. Kutoka nje mpaka ndani, wapite wote. Haukufungwa tena. Wezi waliupita baada ya miezi miwili wakiwa wima, bila hata kuinama. Na aliyeufungua ni mimi. Jina langu, paswedi yangu, kompyuta yangu ya chini ya ngazi.

Sikumbuki, Mpwa. Nimekaa mbele ya ule mstari mpaka macho yakatoa machozi. Mimi! Mimi ninayewafokea watu barazani wasiache mlango wa muda wazi hata kwa chakula cha mchana! Nakumbuka siku ile vizuri. Mtandao ulikuwa unakatika, nikakupigia, ukaingia kwenye kompyuta yangu kutoka huko kwenu, tukawa tunazungumza kwenye simu. Nakumbuka hata kwamba ulikuwa na mafua. Lakini mlango? Hapana. Pale mahali pake ni peupe.

Nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu kazini. Mama yangu alianza hivi hivi. Aliwasha jiko akakana kuliwasha. Hakuwa anasema uongo, alikuwa hajui. Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Miaka mitatu baadaye aliniuliza kwa adabu kabisa mimi ni mtoto wa nani. Mimi nina hamsini na saba.

Kwa hiyo nina swali moja tu, na hospitali haiko ndani yake. Ulikuwa nami siku ile. Niliufungua mbele yako? Nilisema nini? Niambie hata kama ni vibaya.

Mjomba

5 Aprili

Ndugu Mteja,

Rejea swali lako kuhusu kikao cha msaada cha tarehe 14 Januari.

Kumbukumbu zetu zinaonyesha kwamba tatizo la kukatika kwa mtandao lilishughulikiwa kwa ushirikiano na kampuni mbia, na chanzo kilikuwa kebo mbovu. Kwa kuwa hatukupata ujumbe mwingine kutoka kwako ndani ya siku tatu, tiketi ilijifunga yenyewe kwa mujibu wa utaratibu. Uliridhika na huduma kwa kiwango cha nyota tano.

Tunapenda kukukumbusha kwamba mabadiliko yote yaliyofanywa kwa jina la mtumiaji la mteja ni wajibu wa mteja.

Asante kwa kuendelea kutuamini.

Dawati la Huduma kwa Wateja

8 Aprili

Mpwa wangu,

Barua yako ya kiofisi nimeipata, na nimecheka kwa mara ya kwanza mwezi huu. "Ndugu Mteja"! Miaka minne nakuita Mpwa, leo nimekuwa ndugu. Nilimsomea mke wangu kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari.

Usijisumbue kunieleza, nimeelewa. Uliniona nikiufungua. Huna moyo wa kuniambia, ukaona bora ujifiche nyuma ya maneno ya ofisi. Una roho nzuri. Samahani kwa kukuweka mahali pabaya, sikupaswa kukuuliza swali kama lile.

Daktari mmoja wa hapa, rafiki yangu, alinifanyia jaribio kwenye chumba cha dawa. Alinitajia maneno matano, akaniambia nichore saa, kisha nirudie yale maneno. Nilipata manne. La tano lilikuwa karoti. Nikamwuliza, nani hukumbuka karoti? Akacheka, lakini aliandika kitu. Bingwa wa mambo ya ubongo nitamwona Juni.

Tarehe 11 naitwa mbele ya kamati ya hospitali. Sitapigana. Nitasema mlango niliufungua mimi, nikausahau, na kwamba mtu anayesahau namna hiyo hafai kushika funguo za hospitali ya wazazi. Nitaomba wanistaafishe kwa sababu ya afya. Yule mama aliyesubiri damu, Mpwa, nilikwenda kumwona kabla hajaruhusiwa. Alinishukuru. Alidhani nimekuja kutengeneza taa.

Barazani nimeshaaga. Wengine wameniandikia maneno mazuri. Mmoja ameandika, "Mjomba naye!" na vikatuni vya kucheka. Ni haki yake, na mimi nimewacheka wengi.

Asante kwa miaka yote hii. Ulikuwa mtu pekee kwenye kampuni ile aliyeniuliza habari za nyumbani kabla ya kuniuliza namba ya mteja.

Mjomba

13 Aprili

Mjomba,

Usiishie njiani. Hata ukinichukia kwenye mstari wa tatu, endelea mpaka chini, kwa sababu nimekuambatanishia kitu.

Mlango niliufungua mimi.

Siku ile ulipokuwa nami kwenye simu, walikuja kukuita kutoka wodini. Mashine ya kuchapa vibandiko vya watoto ilikuwa imekwama, na kulikuwa na watoto watatu waliozaliwa saa hiyo hiyo hawana majina mkononi. Ukaniambia, "Mpwa, nishikie hapo, narudi." Ukaacha kompyuta yako wazi mbele yangu, jina lako limeshaingia. Mafundi wa kampuni mbia walikuwa wananipigia kwenye simu ya pili, wanataka kuingia kutoka nje watazame tatizo wenyewe. Utaratibu unasema niingie kwa jina langu, na ili nipewe jina kwenye Askari wa mteja kuna fomu ya kusainiwa na msimamizi, na mbia, na wewe. Nusu saa. Msimamizi wetu anapima dakika zetu ubaoni, mbele ya watu. Kwa hiyo nilifanya tunachofanya sote hapa. Tuna hata jina lake, tunaita kuazima kiti. Mteja akisimama, unakaa. Nikafungua mlango kwa jina lako ili waingie.

Waliingia, wakaona ni kebo, wakatoka. Wakaripoti kwao, si kwangu. Wewe ukarudi unahema, ukauliza tumefikia wapi, nikasema tuko sawa. Nilikuwa nimepanga kuufunga mchana. Mchana nikapewa tiketi tisa za benki. Yako nikaiandika "tunasubiri mteja", ikakaa siku tatu, ikajifunga. Tiketi ikifungwa inatoka machoni, na kikitoka machoni hapa kwetu kimekwisha.

Wala usiseme nilikuwa na roho nzuri. Nilijua tangu barua yako ya kwanza. Pale kantini, kabla sijafika mwisho, nilishaukumbuka ule mlango. Nikakuandikia ubadilishe paswedi ya printa! Na ile Januari niliitaja kwa woga tu, mdomo ulinitangulia. Uliponiuliza waziwazi nilimpelekea msimamizi barua yako. Alisema mkataba wetu na kampuni mbia uko mezani wiki hii hii, kwamba jina kwenye orodha ni lako, na kwamba barua ya kukujibu ataiandika yeye. Lakini aliyebonyeza kutuma ni mimi. Sikushikiwa kisu.

Kisha ukaniandikia ukinisifu kwa huruma ambayo sikukuonyesha. Uliposema kuhusu mama yako nilijikaza, nikajiambia watamhurumia tu, ni mtu wa miaka mingi pale. Uliposema kuhusu karoti nilitoka ukumbini na visikizio kichwani, waya ukachomoka nyuma yangu. Hata hapo sikukuandikia. Nilikuwa na siku tatu kabla ya kamati yako, nikazipoteza zote nikipanga maneno. Nina watoto wawili na mume ambaye kazi yake ni ya leo ipo kesho haipo. Sikuambii ili unihurumie. Nakuambia ili ujue niliwaweka kwenye mizani, na kichwa chako kilikuwa upande wa pili, na bado nilichelewa.

Kila kikao chetu cha msaada kinarekodiwa, skrini na sauti. Rekodi hufutwa baada ya siku tisini, na siku tisini zinaisha kesho. Nimeitoa leo asubuhi, kinyume cha sheria zote za hapa. Iko chini ya barua hii. Nakala nyingine nimeituma kwa kamati yenu kwa jina langu kamili, na nyingine kwa msimamizi wangu.

Kichwa chako ni kizima, Mjomba. Hukusahau mlango kwa sababu hukuufungua. Pale peupe ulipopaona, hapakuwa na kitu cha kukumbuka.

Mpwa wako, kama bado

22 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Sijui kama ulipata barua yangu. Kama iliangukia kwenye takataka, nijibu neno moja tu, nitaituma tena.

Mimi nilirudisha kitambulisho tarehe 15. Walinipa boksi la karatasi nitie vitu vyangu, na nilipoangalia, nilikuwa na kikombe na kandambili tu. Wenzangu hawakuinua macho, kila mmoja alikuwa na mteja sikioni. Jirani yangu wa dawati aliwahi kunibana mkono chini ya meza. Nasikia kuazima kiti kumepigwa marufuku, na nasikia bado wanaazima.

Sikuandikii kukuomba lolote. Nataka kujua tu kama ulifungua ile rekodi.

Mpwa

6 Mei

Mpwa,

Bado nakuita hivyo. Mdomo umezoea, na sina jina lingine.

Niliipata siku ile ile. Rekodi nimeisikiliza mara kumi na moja. Najisikia nikisema nishikie hapo, nasikia mlango wa chumba, halafu dakika sita ni wewe na mafua yako, unapenga kamasi, unamwambia mtu kwenye simu nyingine asubiri. Mshale unatembea kwenye skrini yangu peke yake, unafungua. Halafu viatu vyangu vinarudi. Mara ya kwanza nililia kwa furaha, sikufichi. Nilikimbilia jikoni kumwita mke wangu, tukasikiliza pamoja tumesimama.

Kamati imenirudisha. Barua ya kustaafu wameifuta, na bosi alishuka mwenyewe mpaka chini ya ngazi, safari hii akaingia ndani. Mlango umefungwa. Nimewaandikia barazani kilichotokea bila kukutaja, na mafundi kama ishirini wamekiri kwamba viti vyao vimeazimwa na wamekwenda kuzikagua orodha zao. Wanne wamekuta milango wazi. Kampuni yenu ikiniuliza juu yako nitawaambia ulisema kweli. Nitawaambia na tarehe uliyosema.

Mlango nimekusamehe, tena zamani. Kazi ile inachosha, nami nimewahi kufanya mabaya zaidi kwa uchovu mdogo zaidi. Ni zile siku nyingine ndizo zinanishinda. Kuanzia tarehe 2 Aprili, nilipokuuliza, mpaka tarehe 13. Nilichelewa kukujibu kwa sababu kila nikianza kuandika nilikuwa naanza na matusi, na wewe si mtu wa kutukanwa.

Nikueleze nilichofanya siku hizo, maana hakuna mwingine anayejua. Tarehe 9 nilikaa mezani nyumbani nikamwandikia mke wangu karatasi. Nimezoea kuandika maelekezo, ndiyo kazi yangu, nikaandika kama ninavyowaandikia watu wa zamu. Nikianza kurudia maswali, nijibu kila mara kama ni mara ya kwanza. Nikikana kitu nilichokifanya, usinibishie, mama alikuwa analia tukimbishia. Funguo za gari nimempa binti yetu, usinipe hata nikikasirika. Nikikuita kwa jina la mama yangu, itika. Nikikuogopa, toka chumbani, rudi baadaye, jitambulishe upya. Mwisho nikaandika kwamba miaka yetu thelathini na moja nilikuwa naijua yote siku nilipoandika hiyo karatasi.

Nilimpa baada ya chakula cha mchana. Aliisoma yote. Akaikunja ndogo sana, akaiweka kwenye pochi yake, tukaosha vyombo.

Tulipomaliza kusikiliza rekodi nilimwomba ile karatasi, nikaichana mbele yake, tukacheka kama wehu. Nilidhani imekwisha. Lakini ameshaisoma, Mpwa. Jana asubuhi nilikuwa nazunguka nyumba nzima natafuta miwani, kama ninavyoitafuta kila asubuhi tangu tuoane, na kila asubuhi hunizomea. Safari hii hakunizomea. Aliitoa juu ya friji, akanivalisha mwenyewe taratibu, akaniuliza kama najua leo ni siku gani.

Mjomba